Gimlet ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gimlet ni kokteli ya vitu vitatu: jini, ndimu na sukari. Uchache huo ndio ugumu wake. Ndimu iliyokamuliwa jana utaionja, barafu iliyoanza kuyeyuka utaijua, na shira iliyozidi kijiko kimoja haina pa kujificha. Ndiyo maana majibu yaliyo hapa yanatumia gramu na mililita, maana "kiasi kidogo" cha mmoja ni kingi kwa mwingine.

Vipimo vya glasi moja ni vipi?

Jini mililita 60, maji ya ndimu mililita 20, shira ya sukari mililita 20. Barafu vipande 8 hadi 10 vya ukubwa wa sentimita 3 hivi, yaani karibu gramu 200.

Weka glasi kwenye friza dakika 15 kabla ya kuanza. Kwenye kopo la kutikisia mimina maji ya ndimu na shira kwanza, jini mwishoni, ili ukikosea kipimo umwage ndimu na si pombe. Barafu itangulie kukaa kwenye friza hadi dakika ya mwisho. Iongeze vitu vyote vikiwa tayari ndani ya kopo. Funga, tikisa kwa nguvu sekunde 10 hadi 12, chuja, kunywa ikiwa ya baridi kali. Kwa glasi isiyo na barafu ndani, chagua yenye ujazo wa mililita 150 hadi 180. Kubwa kuliko hiyo kinywaji kinaonekana kama masalia, na kinapata joto upesi.

Shira ya sukari inapikwaje?

Pima kwa mizani sukari gramu 200 na maji gramu 200. Pasha moto polepole huku ukikoroga mpaka maji yawe maangavu, kisha ondoa jikoni. Usiiache ichemke. Ikichemka maji yanapungua, shira inakuwa nzito kuliko ulivyokusudia, na vipimo vyote vya baadaye vinaharibika bila wewe kujua kwa nini. Utapata kama mililita 320. Ikipoa tia kwenye chupa safi, hifadhi kwenye friji, itumie ndani ya wiki mbili au tatu. Ukiona ukungu au nyuzinyuzi zinaelea, mwaga yote.

Wanaopima kwa kikombe badala ya mizani hupata shira nyepesi zaidi, kwa sababu kikombe cha sukari ni chepesi kuliko kikombe cha maji: karibu gramu 200 dhidi ya 240. Tofauti hiyo unaionja. Na kama shira uliyo nayo ni nzito, ya sukari sehemu mbili kwa maji sehemu moja, tumia mililita 14 mahali pa 20.

Niikamue ndimu vipi, na mapema kiasi gani?

Ndimu iliyotoka kwenye friji ni ngumu na bahili. Iache ipate joto la chumba, kisha iweke mezani uiviringishe chini ya kiganja, ukiegemeza uzito wa mkono, mpaka uisikie inalegea. Ikate kwa upana, si kuanzia kikonyo hadi kitako, kwa sababu ukikata kwa upana unafungua vyumba vyote vya ndani kwa mkato mmoja. Ndimu ya gramu 65 hivi hutoa mililita 25 hadi 30. Zile ndogo zenye ganda jembamba hutoa nusu ya hapo, kwa hiyo usihesabu ndimu. Pima maji yake.

Kamua mpaka maji yaache kutoka kwa urahisi, basi. Ukiendelea kuliminya ganda unaanza kutoa uchungu wa ile nyama nyeupe. Chuja mbegu na nyuzi.

Maji ya ndimu ni mazuri ndani ya saa 4 hadi 6 za kukamuliwa, na bado yanafaa hadi usiku wa siku hiyo. Kesho yake harufu ile ya kuchangamsha imekufa na uchungu umepanda. Haya ya chupa za dukani, yaliyotiwa vihifadhi, yanafaa kwa kazi nyingine jikoni. Hapa hayafai.

Na jambo moja linalosahaulika: osha mikono kwa sabuni kabla ya kwenda juani. Maji na mafuta ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi huungua kwelikweli, ikatoa malengelenge na kuacha madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Anayekamua ndimu 20 za wageni bustanini mchana ndiye aliye hatarini zaidi.

Nimesikia Gimlet halisi haitumii ndimu mbichi. Ni kweli?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Asili yake ni maji ya ndimu yaliyohifadhiwa kwa sukari. Mabaharia wa Uingereza walipewa ndimu ili kuzuia kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C unaotoa damu kwenye fizi. Mwaka 1867 sheria ya Uingereza iliagiza meli za biashara zibebe maji ya ndimu, na mwaka huohuo Lauchlan Rose wa Scotland alipata hataza ya kuyahifadhi kwa sukari bila kutia pombe. Bidhaa hiyo ndiyo iliyoingia kwenye glasi ya jini. Kufikia 1930 baa ya Hoteli ya Savoy jijini London ilikuwa ikiipima nusu kwa nusu na jini, jambo ambalo kwa ulimi wa leo ni utamu uliopitiliza.

Kuhusu jina, wapo wanaosema limetokana na daktari wa jeshi la majini aliyeitwa Gimlette, na wapo wanaosema ni keekee ndogo ya seremala, ambayo kwa Kiingereza ndiyo hiyo *gimlet*, kwa jinsi kinywaji kinavyopenya. Hakuna upande uliothibitisha.

Kwa hiyo kuna Gimlet mbili, na zote ni halali. Ya ndimu mbichi ni changamfu na nyepesi. Ya ndimu iliyohifadhiwa ni ya kina zaidi, ina harufu ya ganda, na ni laini mdomoni. Ya pili inastahili kujaribiwa na kila mtu angalau mara moja, ila iwe ya shira uliyoitengeneza mwenyewe.

Basi nitengenezeje hiyo shira ya ndimu?

Unahitaji ndimu 8 hadi 10, sukari gramu 250, na asidi ya sitriki gramu 10 (vijiko viwili vya chai, vilivyosawazishwa juu kwa kisu).

Osha ndimu kwa maji ya moto na usugue, kwa sababu nyingi hupakwa nta ili zing'ae. Menya ganda la kijani la ndimu 6 kwa kisu cha kumenyea viazi, kwa mkono mwepesi. Geuza kila ukanda utazame upande wa ndani: ukiona weupe mwingi, ukwangue. Tia maganda kwenye bakuli pamoja na sukari, kisha yafikiche kwa vidole au kwa mwiko dakika mbili tatu. Funika, acha saa 2 hadi 12. Ukirudi utakuta sukari imelowa na kugeuka kijani hafifu. Ni mafuta ya ganda yaliyovutwa na sukari, na ndiyo yanayobeba harufu ambayo maji ya ndimu peke yake hayana.

Kamua ndimu upate mililita 200, mimina juu ya sukari, tia asidi ya sitriki, koroga mpaka kila kitu kiyeyuke. Hakuna haja ya moto. Inachukua dakika 10 za kukoroga kwa vipindi, na subira hiyo inalipa kwa sababu maji ya ndimu yakipikwa yanapata ladha ya kitu kilichochemshwa. Chuja, tupa maganda. Yakibaki ndani siku nzima au zaidi yatatia uchungu usioondoka. Utapata takriban mililita 340. Chupa ioshwe kwa maji yanayochemka. Shira hukaa kwenye friji wiki mbili.

Kwa glasi moja: jini mililita 60, shira ya ndimu mililita 25. Usiongeze ndimu wala sukari.

Asidi ya sitriki ni ya nini? Ndimu si chachu tayari?

Ni chachu, lakini sukari gramu 250 inazidi uchachu wa mililita 200. Maji ya ndimu yana asidi karibu asilimia 6, hivyo mililita 200 zina gramu 12 hivi. Katika Gimlet ya ndimu mbichi kuna gramu 12 za sukari kwa gramu 1.2 za asidi, yaani kumi kwa moja, na huo ndio uwiano ambao ulimi huuona umekolea. Shira bila nyongeza ina ishirini kwa moja, ikakaribia peremende. Gramu 10 za asidi zinaurudisha mizani. Ukipunguza sukari badala yake, shira haitadumu, kwa sababu sukari ndiyo inayoihifadhi.

Jini ipi?

Jini kavu ya mtindo wa London, yenye harufu ya juniperi inayosikika wazi. Juniperi ni kama msonobari kwa harufu, na pamoja na mbegu za giligilani na maganda ya machungwa ndiyo uti wa mgongo wa jini nyingi za kawaida. Ndimu ni kali. Jini laini mno, zile zinazojivunia maua au matunda, humezwa na ndimu, ukabaki unakunywa ndimu yenye pombe.

Tazama asilimia kwenye lebo. Katika Umoja wa Ulaya jini inaruhusiwa kuanzia asilimia 37.5, Marekani kuanzia 40. Kwa Gimlet, ya asilimia 41 hadi 45 inasimama vizuri zaidi baada ya kuzimuliwa na barafu. Ukiwa na jini ya asilimia 57, ile iitwayo ya nguvu za jeshi la majini, tumia mililita 45. Bei ya juu si lazima. Chupa ya wastani iliyo kavu kweli inashinda ya ghali iliyojaa manukato.

Kutikisa au kukoroga?

Ya ndimu mbichi, tikisa. Maji ya ndimu na shira vina uzito tofauti na jini, na kutikisa huvichanganya haraka, hupoza haraka, na hutia viputo vya hewa vinavyoleta povu jembamba juu na ulaini mdomoni.

Ya shira ya ndimu, hapo una hiari. Ukiikoroga kwa barafu sekunde 30 inatoka maangavu, yenye uzito wa hariri. Ukiitikisa inachangamka. Tunapendelea kuikoroga, kwa sababu uangavu ule na harufu ya ganda vinakwenda pamoja.

Barafu ina umuhimu gani? Si ni ya kupoza tu?

Barafu ni kiungo cha nne. Vitu vyako vitatu vilikuwa mililita 100. Baada ya kutikisa, glasini unamimina 140 hadi 150. Mililita hizo 40 na ushei ni maji, na bila hayo kinywaji ni kikali hakinyweki. Kwa jini ya asilimia 40, Gimlet iliyotikiswa vizuri ina pombe asilimia 16 au 17.

Wengi huogopa kwamba barafu ikiyeyuka imeharibu kinywaji. Kuyeyuka ndiko kunakopoza: kila gramu inayogeuka maji hunyonya joto jingi kutoka kwenye pombe, kuliko ubaridi wa barafu ngumu peke yake. Na kwa kuwa pombe na sukari hushusha kiwango cha kuganda, kinywaji kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 5 chini ya sifuri bila kuganda.

Kosa la kawaida si kuyeyuka, ni barafu iliyoyeyuka *kabla*. Barafu iliyokaa bakulini dakika 20 imevaa maji. Maji hayo yanaingia kwenye kinywaji bila kupoza chochote. Ikiwa barafu imelowa, imwage kwenye chujio uikung'ute kwanza. Kosa la pili ni uchache: vipande vitatu huyeyuka vyote, kinywaji kikawa maji na bado ni vuguvugu. Jaza kopo theluthi mbili. Na barafu hunyonya harufu. Kama friza ina samaki au vitunguu, tengeneza barafu mpya kwenye chombo chenye kifuniko.

Nitajuaje nimetikisa vya kutosha?

Kopo la chuma lina dalili zake. Mwanzoni barafu inagonga kwa sauti kavu, kali; baada ya sekunde nane hivi sauti inalainika kwa kuwa kona za barafu zimelika. Nje ya kopo kunatanda ukungu mweupe, na vidole vinaanza kuuma kwa baridi. Hapo ongeza sekunde mbili, acha. Ukiendelea hadi 25 haitapoa zaidi ya maana.

Sina kopo la kutikisia wala chujio la baa.

Chupa ya jemu yenye mfuniko wa kuzungusha inatosha. Iwe ya kioo kinene, isiwe imetoka kuoshwa kwa maji ya moto, na usiijaze zaidi ya theluthi mbili. Ifunge kwa kitambaa unapotikisa, maana kioo hupitisha ubaridi polepole na chupa huteleza ikilowa. Tikisa sekunde 15. Ikigoma kufunguka, hewa ya ndani imesinyaa kwa baridi. Gonga pembeni mwa mfuniko.

Kuchuja, tumia chujio la chai. Hata mwenye vifaa vya baa hulitumia hilohilo chini ya chujio kubwa, ili kuzuia vipande vidogo vya barafu na nyuzi za ndimu. Kipimo kisipokuwepo, kijiko cha chai ni mililita 5 na kijiko cha chakula ni 15, mradi uwe kijiko cha kupimia, si cha kulia.

Yangu imekuwa chachu mno. Au tamu mno. Nifanyeje?

Kabla ya kutupa, onja upya ikiwa baridi. Utamu husikika zaidi kinywaji kikipata joto, kwa hiyo Gimlet iliyokuwa sawa mwanzoni inaweza kuonekana tamu mwishoni mwa glasi.

Ikiwa ni chachu kweli, ongeza kijiko cha chai kimoja cha shira, koroga, onja. Ndimu hutofautiana, hata za kapu moja hazilingani. Ikiwa ni tamu, ongeza maji ya ndimu kijiko kimoja, na wala usiongeze jini, kwani jini itaongeza ukali na utamu ukabaki palepale. Ikiwa inaunguza koo bila kuwa chachu, haijazimuliwa vya kutosha: irudishe kwenye barafu sekunde tano.

Ikiwa ni chungu, hiyo haina dawa. Tafuta chanzo: ulikamua kupita kiasi, mbegu zilipondwa, ndimu ilikuwa ya jana, au maganda yalikaa muda mrefu kwenye shira.

Kinga nzuri ni kuonja tone kabla ya barafu kuingia. Wakati huo iwe kali, tamu na chachu kuliko unavyotaka. Ikiwa imekolea sawasawa kabla ya kutikisa, itatoka imepooza.

Nikiweka jini kwenye friza inasaidia?

Haitaganda, kwa kuwa friza za nyumbani hufika nyuzi 18 chini ya sifuri na jini ya asilimia 40 huhitaji baridi kali zaidi. Lakini jini iliyo baridi kiasi hicho huyeyusha barafu kidogo tu, na unajua sasa kwamba maji hayo yanahitajika. Gimlet itatoka nzito na kali. Ongeza mililita 10 za maji baridi kabla ya kutikisa, au iache jini kabatini.

Naweza kutumia limau badala ya ndimu?

Unaweza, ila hiyo si Gimlet tena. Uchachu unakaribiana, harufu ni nyingine kabisa.

Asali? Rehani? Tango?

Asali ni nzito na ina ladha yake. Ichanganye nusu kwa nusu na maji ya moto, tumia mililita 15. Inakwenda vizuri zaidi na limau kuliko ndimu. Rehani ni nyongeza bora kuliko zote: majani 6, yagonge mara moja kati ya viganja, tia kwenye kopo pamoja na barafu, kisha chuja kwa chujio la chai. Usiyaponde, yatatoa uchungu wa majani mabichi na madoa ya kijani. Tango, vipande vitatu vyembamba, pondaponda kidogo. Linapooza ukali na kuongeza maji, basi punguza sekunde mbili za kutikisa.

Soda isiyo na sukari mililita 60 hadi 90 juu ya barafu hugeuza Gimlet kuwa kinywaji kirefu cha mchana. Soda huongezwa glasini. Ukiitikisa ndani ya kopo lililofungwa, mfuniko utaruka.

Glasi moja ina pombe kiasi gani?

Mililita 60 za jini ya asilimia 40 zina mililita 24 za pombe halisi, sawa na karibu nusu lita ya bia ya asilimia 5. Inanyweka upesi kuliko bia hiyo, na hapo ndipo watu hukosea hesabu. Usiendeshe gari baada yake, na mjamzito asiinywe.

Nina wageni wanane. Nitatikisa mara nane?

Kopo moja hutosha glasi mbili kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo barafu haina nafasi ya kucheza. Kwa wanane, tayarisha jagi: jini mililita 480, maji ya ndimu 160, shira 160, na maji safi ya kunywa 320. Hayo maji ndiyo yanayochukua nafasi ya barafu, usiyaache. Jumla ni lita 1 na mililita 120, yaani 140 kwa kila mgeni.

Funika, weka kwenye friji saa tatu, kisha kwenye friza saa moja ya mwisho. Usiisahau huko usiku kucha: kwa asilimia 17 itaanza kuganda mithili ya uji wa barafu. Koroga kabla ya kumimina, kwa kuwa shira hutuama chini. Povu halitakuwepo. Ukilitaka, mimina nusu ya jagi kwenye chupa tupu iliyo baridi, tikisa sekunde tano bila barafu, gawa mara moja.

Jagi la ndimu mbichi liandaliwe siku ya wageni. La shira ya ndimu (jini 480, shira 200, maji 280) linaweza kuandaliwa siku mbili kabla, na ladha yake haitapungua.